Anayeomba Kupita Anamwomba Nani?

Kila msafiri wa ndege ameshaombwa. Uko katikati ya foleni ya ukaguzi, Jengo la Tatu la Abiria pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, mkono mmoja umeshika pasi na mwingine unaburuza begi, mara unaguswa bega. "Samahani kaka, ndege yangu inaondoka sasa hivi. Naomba nipite." Jasho linamtoka, macho hayatulii. Wengi wetu tunasogea. Tumelelewa hivyo: mwenye shida hupishwa, na anayeomba kwa adabu hanyimwi kitu kidogo kama hatua mbili za sakafu.

Huruma hiyo haina ubaya. Shida iko kwenye umiliki. Kile ulichompa, ni chako?

Tuchukue mkanda mmoja wa mashine ya eksirei, na tuseme kila abiria anauchukua kwa nusu dakika. Mbele yako wako tisa, nyuma yako wako arobaini. Yule bwana akiingia mbele yako, wewe umepoteza nusu dakika, nawe umeitoa kwa hiari yako. Lakini wale arobaini nao wamepoteza nusu dakika kila mmoja, na hakuna aliyewauliza. Jumla yake ni dakika ishirini za watu wengine, ambazo umezigawa kwa tabasamu na neno "pita tu". Kisha umebaki na sifa ya ukarimu peke yako.

Hilo bado ni jepesi. Kuna jingine zito zaidi. Katika wale arobaini huenda yumo dada anayesafiri na ndege hiyo hiyo ya yule bwana. Alifika mapema kidogo kuliko yeye, akasimama kwenye foleni kimya, moyo unamdunda, na hakuomba kwa sababu anaona haya. Foleni inayoendeshwa kwa kuombana humpa nafasi mwenye mdomo na humwacha mwenye soni. Sijui kwa nini tuiite hiyo adabu.

Wanasaikolojia wamelitazama jambo hili kwa karibu. Stanley Milgram, Mmarekani yule aliyejulikana duniani kwa majaribio yake kuhusu utii, aliwatuma wanafunzi wake wajiingize bila zamu katika foleni 129 za jijini New York, kwenye madirisha ya tiketi za treni, maduka ya kubashiri na kwingineko. Mwanafunzi alisema tu kwamba anataka kuingia hapo, kisha akaingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986, Milgram mwenyewe akiwa ameshafariki. Kiasi cha nusu ya foleni hizo zilipinga kwa namna fulani, na waliopinga zaidi walikuwa walio nyuma ya mvamizi, hasa aliyekuwa nyuma yake moja kwa moja. Wa mbele hawakuwa na neno kubwa; wao hawakupoteza kitu. Kilichonivutia mimi ni jambo jingine. Watafiti walipomweka mtu wao, aliyeagizwa anyamaze, katika nafasi ile ya nyuma ya mvamizi, upinzani wa foleni nzima ulipungua sana. Wengine walimtazama yeye. Aliponyamaza, nao wakaona yamekwisha.

Kwa maneno mengine, anayeguswa bega ana mamlaka ambayo hakupewa na mtu. Akisema "pita", amewasemea wote.

Na anayeomba naye ana ujanja wake, wakati mwingine bila kujua. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwenye mashine ya kutoa nakala chuoni. Mtu aliyeomba kutangulia na kurasa zake tano bila kutoa sababu alikubaliwa na watu 60 katika 100. Aliyesema ana haraka alikubaliwa na 94. Aliyetoa sababu isiyo sababu, yaani "naomba nitangulie kwa kuwa nataka kutoa nakala", alikubaliwa na 93! Ila kurasa zilipokuwa ishirini, sababu ile tupu haikufua dafu tena. Watu waliamka wakaanza kupima. "Nimechelewa" kwenye foleni ya uwanja wa ndege huwa inapokelewa kama kurasa tano, kumbe ni ishirini, kwa sababu nyuma yetu kuna umati ambao hatuuoni.

Basi amwombe nani? Amwombe mhudumu. Pale mwanzoni mwa foleni, au mwishoni karibu na mashine, husimama mtu mwenye sare na beji, na kazi yake mojawapo ni hiyo. Yeye anaona foleni yote, anaweza kutazama pasi ya kupandia ndege akajua saa ya kweli, na anaweza kuongea na watu wa shirika kwa simu ya upepo. Wafanyakazi wa mashirika nao huja wenyewe saa ikikaribia, wanapita kando ya kamba wakiita kwa sauti: "Wa Mwanza! Wa Mwanza wote wapite huku!" Mwito huo ni halali machoni pa kila mtu, na ndiyo maana hujasikia foleni ikiguna. Umewaita wote wenye haja ile ile, mwenye mdomo na mwenye soni, na umetolewa na mwenye orodha ya abiria mkononi. Akikugusa bega mtu, msaidie kumtafuta mhudumu. Kama hayupo, basi waulizwe walio nyuma kwa sauti inayosikika, siyo wewe peke yako. Ataona aibu kidogo, lakini aibu ya dakika moja ni bei ndogo kuliko kukosa ndege.

Nakiri kwamba viwanja vyetu vina mazingira yake, na adabu ya London haihamishiki nzima nzima. Kule, msafiri huingia jengoni akitembea, akapokea pasi yake ya kupandia ndege, ndipo akakutana na ukaguzi mmoja. Huku kwetu ukaguzi huanza mlangoni. Dar es Salaam begi linapita kwenye mashine kabla hujaiona kaunta ya shirika, na linapita tena kabla ya kwenda kusubiri kupanda. Nairobi, pale Jomo Kenyatta, abiria hushushwa kwenye gari njiani, gari linakaguliwa na dereva wake, nao wanapita kwa miguu kwenye chumba cha ukaguzi, kisha wanalikuta gari upande wa pili. Mlango wa jengo bado uko mbele. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa alitoka nyumbani mapema kabisa na akachelewa kwa sababu ya foleni mbili alizokwisha kuzipanga. Huyo si mzembe. Wahudumu wenye busara huwatofautisha watu hawa, na mimi ningependa mashirika yawaambie abiria wazi, kwenye tiketi, kwamba zile saa tatu za kuwahi kabla ya safari ya nje si za kunywa kahawa.

Mlango wa jengo una tatizo jingine ambalo ni letu hasa: wasindikizaji. Msafiri mmoja anakuja na watu tisa. Baba mdogo ameleta gari, shangazi ameleta kikapu, watoto wamekuja kuona ndege. Hakuna ubaya, kuagana ni heshima, na anayekwenda kusoma au kufanya kazi mbali hajui atarudi lini. Lakini kuagana huko hufanyika wapi? Mdomoni mwa mashine. Anayeondoka ameshaweka begi moja kwenye mkanda, analikumbuka jingine ambalo bado analo mjomba, anarudi, anakumbatiwa upya, mmoja anataka picha, mwingine anainua mikono aombe dua. Dua iombwe, na iwe ndefu, hatua kumi kabla ya kamba.

Tuseme pia kwa nini foleni hii ipo, maana watu huilaumu kama vile ilizuka kwa ukorofi wa wakaguzi. Zamani mtu alipanda ndege kama alivyopanda meli ya kwenda Unguja. Utekaji wa ndege ulipozidi Marekani, serikali yake iliamuru kwamba kuanzia Januari 1973 kila abiria na kila begi la mkononi vikaguliwe. Afrika Mashariki ilijifunza kwa njia yake. Juni 1976 ndege ya Air France iliyotekwa na watu waliopandia Athens iliishia Entebbe. Februari 1982 zamu ikawa yetu: Boeing 737 ya Shirika la Ndege Tanzania, safari ya ndani kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikatekwa na vijana waliomtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Ilizungushwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi ikatua Stansted, Uingereza, watekaji walikojisalimisha. Tarehe 23 Novemba 1996 watu watatu waliiteka ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi, wakamlazimisha rubani kwenda Australia ingawa mafuta hayakutosha. Ilianguka baharini si mbali na ufukwe wa Ngazija, mbele ya macho ya waogeleaji, na watu 125 kati ya 175 wakafa. Wenyeji na watalii waliokuwa ufukweni ndio waliokimbilia kuokoa.

Hata vile tunavyovitoa kwenye trei vina tarehe zake. Viatu vilianza kuvuliwa baada ya Desemba 2001, Richard Reid alipojaribu kulipua viatu vyake angani kati ya Paris na Miami. Chupa zilipigwa marufuku Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipozima njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Kutoka hapo ndipo ikaja kanuni ya mililita 100 na mfuko wa lita moja unaoonyesha ndani. Kanuni hizi huja haraka na huondoka polepole. Marekani imeacha kuwavua watu viatu kwa lazima Julai 2025 tu, na Umoja wa Ulaya, ambao viwanja vyake kadhaa vyenye mashine mpya vilianza kuachia chupa kubwa, uliirudisha kwa muda mililita 100 kila mahali Septemba 2024. Msafiri anayesema "mbona Doha hawakunivua viatu?" huenda anasema kweli, ila mkaguzi aliye mbele yake si wa Doha, na walio nyuma yake hawana la kufanya na kumbukumbu hiyo.

Kwetu mgogoro mkubwa hauko kwenye manukato. Uko kwenye chakula. Nani anakwenda Muscat au Toronto mikono mitupu? Mama amefunga achari ya embe, samli, pilipili ya kusaga, na asali ya Tabora katika chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kwa mkaguzi vyote hivyo ni vimiminika, asali ikiwa ya kwanza. Hapo ndipo foleni hukwama kweli kweli, kwa kuwa mwenye asali hawezi kuiacha. Amepewa na mama. Anabembeleza, anatoa maelezo ya shamba na nyuki, anamwita mkaguzi "mwanangu", mkaguzi naye ni mtu, anasitasita. Mkanda umesimama. Dawa yake ni nyepesi na inajulikana: asali iende kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, ifungwe vizuri ndani ya kanga mbili. Pawabenki kinyume chake, hiyo haitakiwi huko chini, lazima uwe nayo mkononi. Na ule mfuko wa plastiki wa chupa ndogo usiuogope: Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, mifuko ile midogo ya kufunga kwa kubana ambayo wasafiri hutilia vipodozi vyao iliachwa nje ya katazo, mradi mgeni aondoke nayo.

Nimefika mahali panapohitaji ujasiri kidogo. Mheshimiwa. Foleni imetulia, mara msaidizi mwenye faili anatangulia, mkono umenyooka, "wapisheni, wapisheni", nyuma yake mkubwa anatembea akitazama simu ili asikutane macho na mtu. Wengine tunamjua, wengine hatumjui, ila suti inajieleza. Viwanja vikubwa vina kumbi maalumu za viongozi, na wenye haki ya kupitia huko wanajulikana kwa orodha. Sina ugomvi na kumbi hizo. Bora apite mlango wake kuliko kupasua foleni yetu. Ninaowazungumzia ni wale wasio kwenye orodha: ofisa wa wastani, mfanyabiashara mwenye rafiki mkaguzi, mtoto wa fulani. Hawa huchukuliwa pembeni na kuingizwa mbele ya mashine kwa ukonyezo, na kinachouma zaidi ni kwamba aghalabu hukaguliwa nusu nusu. Nusu dakika wanayotuchelewesha si kitu. Ukaguzi ambao rafiki anaweza kuulegeza ni ukaguzi uliotusimamisha wengine bure.

Kwa wenzetu wakubwa hawapiti kwa suti, wanapita kwa fedha. Mwanafalsafa Michael Sandel, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu vitu ambavyo fedha haipaswi kununua, alianza na foleni, zikiwamo hizi za viwanja vya ndege. Ukilipa kiasi fulani viwanja vingi vya Ulaya vinakupa njia ya haraka. Kiti cha bei ghali ndani ya ndege naelewa: ni biashara ya shirika na wewe. Lakini ukaguzi unafanywa kwa ajili ya usalama wa wote walio ndani ya ndege ile, na sioni kwa nini zamu yake iuzwe. Mpango wa Marekani unaoitwa TSA PreCheck angalau una hoja, kwa kuwa mwombaji huchunguzwa mapema na ndiyo sababu hupekuliwa kwa ufupi.

Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wasioweza kusimama sihitaji kuwatetea. Mswahili aliyelelewa huwapisha kabla hawajafungua mdomo, na hapa hata walio nyuma hawaguni, kwa kuwa kila mmoja angefanya vile vile. Ridhaa ya wote ipo bila kuulizwa. Ugumu uko kwa wale ambao shida yao haionekani. Mwaka 2016 uwanja wa Gatwick wa London ulianza kuwapa kamba ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, ili mhudumu ajue kwamba anayeivaa anahitaji muda zaidi, na alama hiyo sasa imesambaa katika viwanja vya nchi nyingi. Ukiiona, usiulize ugonjwa.

Na kuna anayechelewesha kwa sababu hajawahi kupanda ndege. Kila wiki kuna wasichana wanaoondoka kwenda kazi za ndani Uarabuni, wamevaa sare moja, pasi mpya hazijakunjwa, hawajui kwamba bangili italia langoni wala kwamba simu haipiti mfukoni. Kuwasonya ni ushamba wa anayejiona mjanja. Mwambie wa mbele yako polepole, mngali kwenye kamba: "Mdogo wangu, toa simu na sarafu, weka ndani ya mkoba." Atamgeukia mwenzake, na mwenzake mwingine. Dakika utakazookoa ni zako pia.

Asiyesamehewa ni msafiri mzoefu. Amesimama kwenye kamba robo saa nzima akitazama video, akifika kwenye trei ndipo anaanza kutafuta funguo. Mkanda wa suruali unakwama, kompyuta iko chini kabisa ya begi, anaitoa na chaja inafuatana na soksi. Robo saa ile ndiyo ilikuwa ya kazi hiyo. Viwanja vingine sasa vimeweka meza ndefu zenye nafasi kadhaa za kupakia, ambapo abiria wanne au watano hujaza trei zao kwa pamoja na aliye tayari husukuma yake kwanza. Hapo kumpita aliye polepole siyo utovu, meza imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kwenye mkanda wa zamani, ambao bado ndio mwingi kwetu, uliza kwanza: "Mama, nitangulize yangu wakati unatoa viatu?" Hilo ni ombi la haki, kwa kuwa nafasi ingekaa tupu na hakuna wa nyuma anayepoteza.

Mahali ambapo adabu hutajwa kidogo ni macho. Begi likitengwa kwa upekuzi, hufunguliwa mezani mbele ya watu: nguo za ndani, dawa, bahasha, pedi. Foleni nzima hunyoosha shingo. Kwa watu tunaojisifu kwa sitara hii ni aibu yetu. Geuza uso. Mwanamke akiitwa pembeni na mkaguzi wa kike kwa sababu ya hijabu au kilemba, naye asifuatwe kwa macho kama mshukiwa. Lango hupiga kelele kwa pini.

Ukishapita, foleni yako haijaisha. Wengi hudhani imeisha, wakasimama palepale trei zinapotokea, wakaanza kuvaa viatu, kufunga saa, kuhesabu pesa, na trei za wengine zikagongana hadi mashine ikasimamishwa. Chukua trei nzima, nenda nayo kwenye benchi, vaa hapo, kisha irudishe. Mpe nafasi pia aliyetangulia. Kumhemea mtu kisogoni anapokusanya vitu vyake hakumharakishi, kunamsahaulisha. Wakaguzi wa Marekani hukusanya sarafu zinazoachwa kwenye trei na kutoa hesabu yake kila mwaka. Mwaka wa fedha 2019 zilifika zaidi ya dola 900,000.